Barua Ambayo Hukuitisha: Vile Hisa za Wazee Zilinunuliwa kwa Bei ya Kutupa

Wezi wengi hujificha. Wale nataka kuwaongelea leo walikuwa wanaandika barua, wanaweka jina la kampuni yao hapo juu, wanaipeleka posta. Barua yenyewe ilikuwa na heshima zake: una hisa kwa kampuni fulani, sisi tunazitaka, bei ni hii, tia sahihi hapa chini uturudishie. Hakuna simu ya ati umeshinda gari. Hakuna mtu wa kukuitisha PIN. Na kwa muda mrefu ilikuwa halali kabisa.

Twende Australia, kwa sababu huko mchezo ulichezwa hadharani mpaka korti na Bunge zikaingilia.

Kwanza uelewe vile watu wa kawaida walijipata na hisa. AMP ilianzishwa 1849 kama shirika la bima ya maisha ambalo wateja wenyewe ndio walilimiliki. Mwaka 1998 ikageuzwa kuwa kampuni ya hisa na kuingia soko la hisa. Wateja zaidi ya milioni 1 wakapewa hisa bila kutoa hata senti. Mashirika mengine yakafuata njia hiyo hiyo. Sasa fikiria mzee aliyechukua bima miaka 30 iliyopita. Hajawahi kuongea na wakala wa hisa maisha yake yote. Kurasa za bei kwenye gazeti yeye huziruka akitafuta habari za michezo. Ghafla ni mwenye hisa. Kitu ambacho hukukilipia ni ngumu kujua thamani yake, si ndio?

Pili, kuna rejista. Sheria za kampuni zilizotoka Uingereza zinasema majina na anwani za wenye hisa ziwekwe kwa rejista, na mtu yeyote anaweza kuiona au kupata nakala akilipa ada. Sababu yake ilikuwa poa sana: wenye hisa wadogo waweze kutafutana, waungane, wawabane wakubwa wa kampuni. Rejista ilikuwa silaha ya mnyonge.

Halafu akaja David Tweed wa Melbourne na kampuni yake, National Exchange. Yeye aliiona rejista kwa jicho lingine. Kwake ilikuwa orodha ya watu wa kutumia barua.

Mchezo haukuhitaji kila mtu akubali. Ukituma barua maelfu, wengi watazitupa kwa pipa. Lakini watakuwepo wachache wasiojua bei, au wanaodhani barua imetoka kwa kampuni yao, au waliochoka na makaratasi. Hao wachache wanatosha kulipia stempu zote na faida ibaki.

Ofa moja ndiyo inanivunja mbavu na kuniudhi wakati mmoja. Ilikuwa ya hisa za OneSteel, kampuni ya chuma. Sokoni hisa ilikuwa dola 1.93 za Australia. National Exchange ikasema itanunua kwa dola 2.00. Juu ya bei ya soko! Nani atakataa? Lakini ukisoma barua vizuri, hizo dola 2 zilikuwa zinalipwa kwa awamu 15, moja kila mwaka. Miaka 15.

Tupige hesabu. Una hisa 1,000. Ukiuza sokoni leo, unapata dola 1,930, ukatwe ada ya wakala kidogo, stori imeisha. Ukimuuzia huyu jamaa, unapata kama dola 133 kwa mwaka. Yeye akishapata hisa zako anaweza kuziuza sokoni, aweke 1,930 mfukoni, kisha akulipe polepole kutoka kwa hela yako mwenyewe. Kumbe umemkopesha, bila riba, na hukujua wewe ni benki. Tukisema thamani ya pesa inashuka asilimia 6 kwa mwaka, zile dola 2 ni kama dola 1.30 za leo.

Angalia vizuri: hakuna uongo ulioandikwa pale. Dola 2 ni dola 2. Awamu zimetajwa. Lakini mwaka 2004 Mahakama ya Shirikisho ya Australia, ikikaa kama mahakama ya rufaa, ilikubali kwamba barua ile ilikuwa ya kupotosha. Ukiweka bei tamu mahali macho yanaanguka kwanza, na ukweli mchungu mahali macho hayafiki, umepotosha hata kama kila neno ni la kweli.

Kesi ya pili ni nzito zaidi. Aevum ilikuwa kampuni ya nyumba za wastaafu, nayo ilitoka kwa chama cha kusaidiana ambacho wanachama wake walipewa hisa bure. Hisa zilikuwa hazijaanza kuuzwa sokoni, kwa hivyo hata bei ya gazetini haikuwepo. National Exchange ikawapa ofa ya senti 35 kwa hisa. Thamani yake ilikuwa imekadiriwa zaidi ya dola 1. Safari hii hakukuwa na kuficha kitu, bei iliandikwa wazi. Jaji wa kwanza akaona sawa, hiyo ni biashara. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ikasema hapana. Ikaona kampuni ililenga kwa makusudi watu wasio na uzoefu, ikijua baadhi yao watauza bila kuelewa, na ikaita tabia hiyo kinyume cha dhamiri.

Hapa ndipo najua kuna msee atasema, "Si walitia sahihi? Willing buyer, willing seller." Naelewa. Bei nzuri kwako si lazima iwe nzuri kwangu, na mtu ana haki ya kuuza rahisi akitaka. Lakini sokoni Wakulima, muuzaji na mnunuzi wote wanajua nyanya ni ngapi leo, ndio maana wanaweza kubishana. Hapa mmoja anajua bei, na biashara yake yote ni kutafuta yule ambaye hajui. Akijua tu, biashara imekufa. Kwa hivyo kinachonunuliwa hapo kwanza ni kutojua kwako. Hisa inakuja kama nyongeza.

Na ndio maana napenda dawa ambayo Bunge la Australia lilichagua mwaka 2003. Halikupiga marufuku ofa. Lilisema tu: ukimtumia mtu ofa ambayo hakuiitisha, andika na bei ya soko hapo hapo, na kama hisa haiko sokoni, toa makadirio ya thamani yake. Mwaka 2010 wakafunga na mlango wa rejista: ukiitaka kwa ajili ya kutuma ofa za aina hii, hiyo si sababu halali. Ng'ambo ya bahari, New Zealand, Bernard Whimp alijaribu mchezo wa kulipa polepole kwa miaka 10, akafikishwa kortini, na mwaka 2012 wao pia wakaweka kanuni za bei kuandikwa.

Sasa mbona nakusumbua na mambo ya Melbourne? Kwa sababu hali iliyozaa mchezo ule sisi tuko nayo. Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Zaidi ya watu 800,000 waliingia, wengine kwa mkopo. Maombi yalizidi hisa, kila mtu akapewa kipande tu cha alichoitisha. Mwaka uliofuata bei ikashuka chini ya shilingi 3 na watu wakakata tamaa, wakafunga stori. Mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilipita shilingi 40. Kati ya hizo bei mbili, mtu aliyeacha kuangalia angeweza kuuza kwa shilingi 8 akidhani ameponea. Na hiyo ni hisa ambayo bei yake inatangazwa kila siku. Je, zile za ushirika, au za kampuni za kununua mashamba ambazo cheti chake kimekunjwa ndani ya Biblia ya guka?

Kwa hivyo ofa yoyote ikija nyumbani, maswali ni matatu. Bei ya soko leo ni ngapi? Nitalipwa lini, yote kwa pamoja au kidogo kidogo? Na hisa zinatoka mkononi mwangu kabla au baada ya pesa kuingia? Kama anayenunua hataki kujibu hata moja, umeshapata jibu.

Wikendi hii muulize shosho kama ana cheti chochote cha hisa. Kisha umwangalizie bei. Sheria ya Australia ilichukua miaka kuwalazimisha matajiri waandike namba moja kwa karatasi. Wewe una simu. Mwandikie hiyo namba leo.