Madiba Hayakuwa ya Bure: Wazee wa Kasai na Maombi ya Ndugu

Katika miji yetu, mama anayejua kushona vizuri anajulikana haraka, na akisha kujulikana, raha yake inakwisha. Leo shemeji anafika: «Yaya, miye pia unishonee kifuniko cha kitanda kama kile ulimushonea mama mukwe.» Kesho rafiki wa kanisani anataka vitambaa vya viti vya kudarizi, sababu mtoto wake anaoa mwezi ujao. Mama akitaja bei, ao akiuliza tu nani ataleta uzi, anapata jibu ambalo wengi wetu tumelisikia: «Zamani wazee hawakulipana hivi kati ya ndugu. Ni pesa ndiyo ilituharibu.» Watu wanatikisa kichwa kukubali, na mama anarudi kwenye sindano yake.

Je, ni kweli? Neno hili linaweza kupimwa, maana kuna nguo moja ya kwetu ambayo historia yake inajulikana vizuri: nguo ya rafia, ambayo wengi wanaiita madiba. Tuiangalie kwa Walele na kwa Wakuba, makabila mawili jirani ya Kasai.

Kwanza kazi yenyewe. Jani changa la mti wa rafia linakatwa, ngozi yake ya juu inabanduliwa, inakaushwa na kupasuliwa mpaka inakuwa nyuzi nyembamba. Nyuzi hizo hazisokotwi kama pamba. Kwa hiyo urefu wa jani ndio unaopima urefu wa kitambaa, na kipande kimoja hakizidi sana mita moja. Mtu akitaka nguo ya kuvaa, ni lazima vipande kadhaa viunganishwe kwa sindano. Hapo ndipo mambo ya kuombana yanapoanzia: hakuna nguo kubwa ya rafia isiyokuwa mjumlisho wa vipande vingi.

Walele wanakaa magharibi ya mto Kasai, kati ya mto huo na mto Loange. Mwanamke mtaalamu kutoka Uingereza, Mary Douglas, aliishi kwao mwaka 1949 na 1950, akarudi mwaka 1953, na kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1963. Alikuta kwamba kusuka kulikuwa kazi ya wanaume peke yao. Vijana walijifunza, wazee walisuka. Mtu angefikiri: kama kila mwanaume anajua kusuka, nani atamwomba mwenzake? Lakini ilikuwa kinyume. Walele walikuwa wanaombana vitambaa kuliko kitu kingine chochote.

Sababu ni kwamba madiba haikuwa nguo tu. Ilikuwa ndiyo njia ya kutimiza kila jambo kubwa la maisha. Kijana akikomaa, alipaswa kumpa baba yake vitambaa 20. Mke akizaa, mume alimpa vitambaa 20, na hivyo kwa kila mtoto. Kuingia katika chama cha dini ya kijiji kulidai vitambaa 100. Mtu akishikwa na mke wa mwenzake, fidia ni 100. Mali ya ndoa vilevile ilihesabiwa kwa vitambaa. Kijana hata akiwa na bidii namna gani hangeweza kusuka hesabu hiyo yote kwa mikono yake mwenyewe katika muda uliotakiwa. Basi alizunguka: kwa baba, kwa mjomba, kwa kaka, kwa mume wa dada. Hakununua. Aliomba.

Na hapa ndipo tusimame kidogo. Zile 20 za baba hazikuwa heshima ya mdomo. Douglas anaeleza kwamba kijana ambaye hajamtolea baba yake angeona haya kumwendea kuomba msaada wa mali ya ndoa. Yaani kabla ya kuomba, ulitoa. Baba alipokea kwanza, ndipo mlango wa kuomba ukafunguka. Na aliyesaidiwa hakubaki huru: siku ya ndugu yake kuwa na shida, jina lake lilikuwa la kwanza kutajwa. Hakuna aliyesema bei, ni kweli. Lakini kila mtu alijua hesabu. Kutokuwa na bei na kuwa bure ni vitu viwili mbali kabisa.

Nisiseme pia kwamba utaratibu huo ulikuwa mbinguni. Vitambaa vilipanda kuelekea kwa wazee, maana wao ndio waliopokea malipo ya ndoa, ya vyama na ya fidia. Kijana alibaki mwenye deni miaka mingi, na mzee aliyekuwa na akiba ya madiba aliweza kuchagua nani asaidiwe na nani angojee. Katika makala ya mwaka 1967 Douglas alifananisha vitambaa hivyo na karatasi za kugawia posho wakati wa vita: si pesa ya kununulia chochote, ila ni ruhusa ya kupita kwenye hatua fulani ya maisha. Anayeshika ruhusa ndiye mkubwa. Tukiwasifu wazee, tukumbuke na upande huu.

Halafu franka ikaingia. Vijana walienda kazi kwa Wazungu, kwenye mashamba ya mafuta ya mawese na kwingineko, wakarudi na pesa mkononi. Watu walianza kuvaa nguo za dukani. Lakini kwa ndoa na kwa vyama, wazee waliendelea kutaka madiba. Kijana mwenye franka alitafuta mtu wa kumwuzia vitambaa, na watu hawakupenda kuviuza, juu ya kila mmoja alikuwa na shauri lake lililokuwa linavingojea. Ugomvi wa bei na undugu tunaouona leo, kumbe ulikuwa tayari kijijini Kasai wakati wa ukoloni.

Tuvuke mto sasa, tuende mashariki, kwa Wakuba. Kule mkono wa mwanamke unaonekana. Wanaume wanasuka kitambaa kitupu. Wanawake wanakidarizi, na ile kazi ya manyoya mafupi yanayokatwa kwa kisu, laini kama velu, inaweza kula miezi kwa kipande kidogo tu. Sketi ndefu ya mwanamke ni vipande vingi vilivyounganishwa, na inafika mita kadhaa, inazungushwa kiunoni mara nyingi. Wataalamu wanaeleza kwamba kitambaa kilipondwa katika kinu ili kiwe laini, kikapata matundu, na viraka vya kuziba matundu hayo vikageuka kuwa mapambo yenyewe. Umbo la viraka hivyo limependwa mpaka Ulaya. Mchoraji Matisse alitundika vitambaa vya Wakuba kwenye ukuta wa nyumba yake.

Lakini Mkuba hakushona kwa ajili ya ukuta. Vitambaa vizuri kabisa vinawekwa kwa ajili ya kilio. Maiti anavalishwa madiba na kuzikwa nayo, kwani bila hiyo ni kama amezikwa uchi, na waliomtangulia hawatamtambua. Ndiyo maana sketi ya namna hii si mali ya mtu mmoja. Mmoja anasuka, mwingine anadarizi kipande chake, wa tatu chake, na vyote vinaunganishwa na kuwekwa kuwa akiba ya ukoo. Siku ya kifo, wakubwa wa ukoo wanakaa, wanajadili ni nguo gani zinaingia kaburini na zipi zinabaki. Wanabishana pia. Kwa hiyo fundi hakusimama peke yake mbele ya mwombaji. Ukoo ndio uliotoa, na ukoo ndio uliosema hapana.

Nafikiri hicho ndicho tulichokipoteza, na si ukarimu. Wakasai wengi walikuja Katanga kwa kazi ya reli na ya Union Minière. Katika kambi za wafanyakazi wamama, wa Kasai na wa kwingine, waliingia fuaye sosiali, wakafundishwa kushona, kufuma na kudarizi. Ufundi ukawa wa mtu mmoja mmoja. Uzi haukutoka tena kwenye mti nyuma ya nyumba. Ulitoka dukani, kwa franka. Lakini ombi lilibaki na maneno yaleyale ya kijijini: «Si wewe ni ndugu yetu?» Mwombaji alichukua nusu ya desturi, ile ya kuomba, akaiacha nyingine kule Kasai.

Kwa hiyo shemeji anayetaka kifuniko cha kitanda, na asiyetaka kusikia bei, ana njia nyingine, tena ya kikwetu kabisa. Afike na kitambaa na uzi mkononi, kama kijana wa Kilele aliyetanguliza 20 zake. Ajue pia kwamba ameandikwa: siku mama huyo atakapokuwa na kilio ao na mtoto wa kulipia shule, yeye ataitwa. Na kama kazi ni ya harusi ya jamaa nzima, basi mkutano wa jamaa ndio useme ni vitambaa vingapi, nani ananunua uzi, na nani anashika kipande gani.

Baadaye Union Minière iligeuka Gécamines, na fuaye ziliendelea. Wamama waliopita humo bado wako, ijapo wanapungua. Ingefaa vijana wa shirika letu wawatembelee na daftari, wasiulize tu walishona nini. Wawaulize pia: ndugu walipokuja kuomba, nani alileta uzi?