Cheti Kinafika Wapi?

Nilipofaulu mtihani wa mwisho wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, mama alikigeuza-geuza kile cheti akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiki kinafika mpaka wapi?" Nilicheka. Kumbe yeye ndiye aliyeona mbali.

Wahasibu wa Edinburgh walipata hati ya mfalme mwaka 1854, wa Glasgow mwaka uliofuata. Marekani haikuwa na mfalme, basi Jimbo la New York likatunga sheria mwaka 1896, na herufi CPA zikazaliwa. Mpaka leo kule leseni hutolewa na jimbo, si na serikali kuu.

Kwetu mwanzoni mhasibu kamili alikuwa aliyefuzu mitihani ya Uingereza. Hapo ndipo Azimio la Arusha lilipotukuta. Februari 1967 mabenki na makampuni makubwa yakawa mali ya umma, lakini Watanzania wenye sifa ya kutia sahihi kwenye hesabu zake walikuwa wachache mno. Mali yako, lakini wa kukuambia imebaki kiasi gani ni mgeni! Kwa hiyo ikaja Sheria Namba 33 ya mwaka 1972, iliyounda Bodi yetu. Kenya walikuwa wameshaanzisha bodi yao ya mitihani mwaka 1969. Kila nchi ikawa na CPA yake, ya kwetu ikiishia na T, ya kwao na K.

Herufi hiyo moja niliijua uzito wake miaka ya tisini, nilipoomba kazi Nairobi. Bwana aliyenipokea alisoma cheti changu kwa adabu, akasema, "Lakini hiki ni cha Tanzania, ndugu." Nikafanye mitihani tena. Sheria za kodi za Kenya, sawa, sikuzijua. Lakini kulinganisha mizania? Debiti ya Dar es Salaam haigeuki kuwa krediti ikivuka Namanga. Nilirudi nyumbani kwa basi la usiku.

Mwaka 2011 vyombo vya wahasibu vya Afrika Mashariki vilitia sahihi makubaliano ya kutambuliana vyeti. Nilikuwa karibu kustaafu, na mama alikuwa ameshafariki. Ningemwambia kimefika Nairobi, ila mwenyewe nimechelewa.