Kapu la Helsinki na Kibuyu cha Kampala

Mwishoni mwa mwezi wa Julai, 1975, wakuu wa nchi walikutanika katika miji miwili iliyo mbali sana. Huko Helsinki, mji mkuu wa Ufini, viongozi wa nchi 35 za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, wa kambi ya Magharibi, wa kambi ya Mashariki na wale wasiofungamana na upande wowote, walikusanyika kutia sahihi mapatano juu ya usalama na ushirikiano, nao wakayatia sahihi tarehe 1 Agosti. Hapa Kampala, kuanzia tarehe 28 Julai, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikuwa katika mkutano wao wa 12, na uenyekiti wa Umoja ukakabidhiwa Idi Amin. Sisi tufundishao Kiswahili katika mji huu twaona yafaa mikutano hii miwili isomwe pamoja, kwani yote miwili yatuuliza swali moja: ahadi zitiwazo sahihi na wakubwa zamfaa nini mtu mdogo?

Mapatano ya Helsinki hayakuwa sheria yenye mahakama wala askari. Dola ya Kisovieti ilitaka mipaka iliyopatikana baada ya Vita Kuu ya Pili itambuliwe. Nchi za Magharibi nazo zilitaka watu waruhusiwe kuonana, kusafiri na kupashana habari. Kila upande ulitoa na kupokea, na mambo yakagawanywa katika mafungu yaliyoitwa makapu: la usalama, la uchumi na sayansi, na la uhusiano wa kibinadamu. Katika kapu la kwanza iliwekwa misingi 10. Msingi wa sita ulikataza nchi moja kuingilia mambo ya ndani ya nyingine; wa saba ulizitaka zote ziheshimu haki za binadamu. Misingi hiyo miwili iliketi bega kwa bega, na haikusemwa ni upi utakaomshinda mwenziwe.

Afrika ilikuwa na ule wa kwanza tu. Hati ya Addis Ababa ya mwaka 1963 ilikataza kuingiliana, na haki ilikuwa nayo, kwa kuwa nchi zilizotoka utumwani jana zilihitaji ngao. Lakini ngao yaweza kumkinga mwenye nyumba asionekane anapowapiga walio ndani. Waasia wa Uganda walikwisha fukuzwa mwaka 1972, na raia wengi walikuwa wakitoweka. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kuja Kampala. Waliokuja walikaa, wakasikiliza, wakaondoka. Isipokuwa Jenerali Gowon wa Nigeria, ambaye alipinduliwa tarehe 29 Julai angali hapa hapa mkutanoni. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Baada ya majeshi ya Amin kuivamia Kagera mwaka 1978, Watanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliiteka Kampala mwezi wa Aprili, 1979. Hata hivyo, katika mkutano wa Monrovia mwezi wa Julai mwaka huo, Tanzania ililaumiwa kwa kuvuka mpaka, na miongoni mwa waliolaumu alikuwa Jenerali Olusegun Obasanjo, mkuu wa Nigeria wa wakati huo. Jina hilo tulishike; tutalikuta tena.

Je, Ulaya ya Mashariki ilikuwaje? Wengi walidhani msingi wa saba ungebaki pambo la karatasi. Lakini mapatano yale yalichapishwa kamili katika magazeti ya Moscow, kwa lugha ya wenyeji, na wenyeji wakayasoma. Mei 1976 mwanafizikia Yuri Orlov na wenzake waliunda kikundi cha kuangalia kama serikali yao yatimiza ilichoahidi. Januari 1977 raia wa Chekoslovakia walitoa tamko lao, Hati ya 77. Wengi wao walifungwa. Orlov mwenyewe alihukumiwa mwaka 1978 kifungo cha miaka saba cha kazi ngumu, na uhamisho wa miaka mitano baada yake. Hatusemi kwamba karatasi iliiangusha dola. Twasema kwamba wahenga walinena ahadi ni deni, na deni hulipwa pale alipo mdai. Helsinki ilipata wadai.

Miaka 16 baadaye, kuanzia tarehe 19 hadi 22 Mei, 1991, Kampala ilikuwa mwenyeji tena. Watu wapatao 500, wakiwamo marais, wanazuoni na wafanyabiashara, waliitwa na Jukwaa la Uongozi la Afrika pamoja na Umoja wa Nchi Huru za Afrika na Kamisheni ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika. Kiongozi wa shughuli ile alikuwa Obasanjo yule yule. Vita baridi vilikuwa vikiisha, na tarehe 21 Mei, mkutano ungali unaendelea, Mengistu Haile Mariam aliikimbia Ethiopia. Wajumbe walijifunza kwa Helsinki, lakini badala ya makapu walisema vibuyu, navyo ni vinne: usalama, utulivu, maendeleo na ushirikiano. Katika kibuyu cha usalama walitia jambo jipya, kwamba usalama wa nchi ni usalama wa raia wake, aishi kwa amani, apate mahitaji yake, ashiriki katika mambo ya jamii yake. Katika kile cha utulivu walitaka muda wa viongozi waliochaguliwa uwekewe kikomo katika katiba.

Kibuyu hicho kilipelekwa Abuja mwezi wa Juni, 1991, lakini hakikunywewa. Baadhi ya serikali ziliona kitawapunguzia enzi yao, na hati ikawekwa kando. Miaka mitatu baadaye yalitokea mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mbebaji wa kibuyu naye alitiwa gerezani kwao mwaka 1995, akatoka mwaka 1998. Alipochaguliwa kuwa rais wa Nigeria alikibeba tena, na mwezi wa Julai, 2000, huko Lomé, wakuu wa Afrika walikipokea kwa tamko rasmi. Katika mkutano huo huo walipitisha Hati ya kuunda Umoja wa Afrika, ambayo kifungu chake cha 4 kinaupa Umoja haki ya kuingia katika nchi mwanachama panapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Neno lililokataliwa Monrovia likawa sheria.

Lakini yafaa tuwe wakweli. Hapa Uganda kikomo cha vipindi viwili vya urais, kilichowekwa na katiba ya mwaka 1995, kiliondolewa mwaka 2005. Na hata kabla ya hapo, ni wangapi mitaani waliojua kwamba katika mji wao huu viongozi na wanazuoni wa Afrika waliwahi kutaka kikomo cha namna hiyo kwa bara zima? Kibuyu cha Kampala hakikukosa maji. Kilikosa wanywaji. Kilijadiliwa na kuandikwa kwa lugha za mikutano, kikasomwa na wachache, na deni likabaki bila mdai.

Hapo ndipo kazi yetu ilipo, walimu wenzetu. Kiswahili leo ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Kitakuwa na maana gani heshima hiyo, ikiwa mwanafunzi wetu ajua kueleza methali ya ahadi ni deni, lakini hajui alichoahidiwa? Somo moja la ufahamu juu ya haki za raia, maneno kama enzi, kikomo na dhamana yakifafanuliwa vizuri, laweza kumpa mtoto wa Kampala kile ambacho magazeti ya Moscow yaliwapa wasomaji wake bila kukusudia.