Chimbuko la Wakfu wa Jamii

Wakfu wa kwanza wa jamii ulianzishwa Januari 1914 mjini Cleveland, Marekani. Mwasisi wake alikuwa Frederick Goff, mwanasheria aliyeongoza benki ya Cleveland Trust. Kabla ya hapo, tajiri aliyetaka mali yake iwafae watu baada ya kufa kwake aliandika wasia wenye masharti magumu kubadilishwa. Bryan Mullanphy wa St. Louis, aliyefariki 1851, aliacha theluthi ya mali yake kwa wahamiaji maskini waliopita mjini humo wakielekea magharibi. Baadaye wahitaji wa aina hiyo walipungua, huku fedha zikizidi kulimbikizana.

Goff aliunganisha amana za watu wengi, kubwa kwa ndogo, chini ya mfumo mmoja. Benki ilitunza na kuwekeza mtaji. Mapato yake yaligawiwa na kamati ya watu watano: wawili waliteuliwa na benki, na watatu waliosalia na meya, jaji wa mirathi na jaji wa mahakama ya shirikisho, kila mmoja mtu wake. Mtoaji aliruhusiwa kutaja kusudi lake. Likipitwa na wakati, kamati iliweza kulibadili.

Fedha zilipokuwa bado haba, wakfu uliendesha uchunguzi wa shule za mji, kisha wa mahakama na polisi, ambao ripoti yake ilitoka 1922. Chicago na Boston ziliiga mfumo huo 1915. Nchini Kenya, shirika la Kenya Community Development Foundation, lililoanzishwa 1997, husaidia jamii kujiwekea mitaji ya kudumu.