UZI: Chai ya Gusii, nani aliyelipa?

1/ Kila msimu wa siasa Kisii na Nyamira tunasikia mambo mawili. Mmoja anasema, "Sisi ndio tuliwaletea maendeleo." Mwingine anajibu, "Serikali ilitusahau." Kabla hujachagua upande, hebu tuangalie historia ya chai, zao linalolisha kiwanda cha Itumbe na vingine vingi vya vilima hivi.

2/ Tangu miaka ya 1920 kampuni za Uingereza zililima chai Kericho, hapo jirani tu. Mkulima Mwafrika alizuiwa. Kahawa aliruhusiwa miaka ya 1930, Kisii ikiwa kati ya sehemu za majaribio, tena kwa vishamba vidogo. Kwa hivyo ukisikia watu wa milimani walichelewa, kumbuka kuna mlango uliofungwa.

3/ Mlango ulifunguka kwa Mpango wa Swynnerton wa 1954, vita vya Mau Mau vikiendelea. Wakoloni walitaka mkulima mdogo atulie shambani kwake. Mwaka 1964, baada ya uhuru, ikaundwa KTDA, mamlaka ya umma ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo.

4/ Pesa zilitoka wapi? Sana sana mikopo, ya Benki ya Dunia na ya shirika la Uingereza la CDC. Zikaenda kwa miche, maafisa wa kilimo, viwanda na barabara. Barabara si pambo. Jani likichumwa linaanza kuharibika siku hiyo hiyo. Lori likikwama matopeni, jasho la asubuhi limepotea.

5/ Na hapa ndipo wengi husahau: mikopo hiyo ilirudishwa kwa makato ya majani ya mkulima. Serikali ilidhamini, mama aliyebeba kikapu akalipa. Hiyo si zawadi ya mtu.

6/ Lakini tuseme ukweli wote. Waraka wa Serikali nambari 10 wa 1965 ulisema pesa ziende kwanza penye ardhi nzuri na mvua. Gusii ina vyote viwili. Kaskazini mwa nchi ndiko kulikoachwa nyuma. Kusema sisi peke yetu tulisahauliwa si haki.

7/ Halafu kuna pareto. Kenya iliwahi kuongoza dunia, na nyanda za juu za Gusii zilikuwa kati ya sehemu zilizoilima. Bodi ya umma iliyonunua maua ikachelewesha malipo, wakulima wakaacha. Zao lilikuwepo, soko lilikuwepo. Kilichokosekana ni anayelipa kwa wakati na anayeulizwa asipolipa.

8/ Mwaka 2000 KTDA ikawa kampuni binafsi, wakulima wakiwa wenye hisa kupitia viwanda vyao. Barabara zikabaki za umma, na tangu 2013 nyingi za mashinani ziko chini ya kaunti. Wakati huohuo bonasi ya magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa chini ya ile ya mashariki mwaka baada ya mwaka, na ugomvi hauishi.

9/ Kwa hivyo mgombea akija na ahadi ya kiwanda, muulize: Ni ruzuku au ni mkopo? Kama ni mkopo, utakatwa kwa kilo ya nani? Na mvua ya Aprili ikinyesha, nani atatengeneza barabara ya kufika kituo cha majani?