Kazi ya Mkono

Katika miaka ya 1950, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, madaktari watatu walipanga kuwafuata wagonjwa wa mbali kwa ndege: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Mwaka 1957 mpango huo ukazaa shirika linaloitwa leo Amref. Wote walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile. McIndoe alikwisha kutengeneza upya nyuso za marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia.

Wagiriki wa kale waliuita upasuaji kheirourgia, yaani kazi ya mkono. Kiswahili kimetazama kisu: kupasua. Kwa hawa watatu, walioshona na kuunga, Wagiriki walilenga vizuri zaidi.

Hapa Moshi, chini ya mlima huohuo, Hospitali ya Rufaa ya KCMC, inayofundisha pia kazi hiyo ya mkono, ilifunguliwa mwaka 1971.