Padri Kaiser na umbali wa mtutu

Juzi barazani hapa Magongo mzee mmoja alinikata kauli: "Mwanangu, FBI walisema padri alijiua. Wewe wa Changamwe na simu yako utawabisha?" Nimekaa na hilo swali wiki nzima, sasa najibu hapa.

Kwa mliokuwa hamjazaliwa: Padri John Kaiser alikuwa Mmarekani wa shirika la Mill Hill, aliyefanya kazi miaka mingi Kisii, kisha Lolgorien kule Trans Mara. Mwaka 1999 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi, tume ile ile iliyochunguza ghasia zetu za Likoni za 1997, akataja wakubwa kwa majina. Tarehe 24 Agosti 2000 maiti yake ikaokotwa kando ya barabara karibu na Naivasha, kichwa kimepigwa risasi, na bunduki yake ya marisaa, yaani shotigani, ipo hapo hapo. Mwaka 2001 FBI wakasema ushahidi unaelekea kujiua.

Ubishi mkubwa ukawa huu: mdomo wa mtutu ulikuwa umbali gani na kichwa? Wataalamu wa maiti hawakukubaliana.

Jeraha husomwa hivi. Mtutu ukigusa ngozi, masizi huingia ndani ya kidonda, na kichwani gesi huweza kupasua ngozi vibaya. Ukirudi nyuma kidogo, masizi huzunguka tundu na chembe za baruti huacha vidoti. Mpaka kama mita 1 hivi marisaa bado yamebanana, yanatoboa tundu moja. Yakizidi hapo kingo huanza kuchongoka, na kwenye mita 2 au 3 unaona vitundu vya pembeni.

Lakini msikariri hizo namba kama msahafu. Kuna mitutu iliyobanwa mdomoni, kuna risasi za aina aina. Njia ya kuaminika ni kuchukua bunduki ile ile na risasi za aina ile ile, upige shabaha kwa umbali tofauti, ulinganishe. Hata eksirei hudanganya: marisaa yakiingia mwilini hugongana na kutawanyika kama mipira ya pool, ukadhani yalitoka mbali.

Sasa mzee wangu, sikia. Kama mtutu ulikuwa mbali kuliko mkono unavyoweza kufika, kujiua ni vigumu kuamini, labda awe ametumia kamba au kijiti. Ila kama ulikuwa karibu kabisa, hiyo haithibitishi kujiua! Mtu mwingine pia anaweza kukuwekea bunduki kisogoni. Umbali unakwambia mtutu ulikuwa wapi, haukwambii kidole kilikuwa cha nani. Hapo ndipo wengi tunapigwa chenga, na sisemi FBI walidanganya.

Ndiyo maana nauheshimu uchunguzi wa mahakama ulioanza 2003. Ulisikiliza mashahidi kuhusu siku zake za mwisho, vitisho, na mahali alipookotwa, si jeraha pekee. Agosti 2007 hakimu Maureen Odero akatupilia mbali habari ya kujiua, akasema ni mauaji.

Nilimsomea mzee haya jana. Akanyamaza, akanywa kahawa yake, kisha akauliza: "Na huyo aliyeua, alifungwa?"

Hakuna aliyehukumiwa, mzee.